Tangazo Langu la Kufunga Uwanja

Jumatatu, 6 Machi 1978. Nemba.
Kipindupindu kimefika kijiji jirani. Mungu anisamehe, nimefurahi kidogo. Kamati ya afya, ambayo mimi Shibuda ni katibu wake, itaamua kama uwanja wa mpira ufungwe. Ukifungwa, Gozbert hachezi. Asipocheza, Deodata atamshangilia nani? Jana alimpungia kanga! Mimi hajanipungia hata mkono.

Jumanne, 7 Machi
Kikao. Nikasema uwanja ni hatari tupu. Mama Febronia wa zahanati akasema ugonjwa huu huingia kwa kinywa, si kwa mguu. Hatari ni ile ndoo yenye kata moja wanayonywea wote. Maji yachemshwe, kila mtu aje na kikombe chake, vijana wacheze. Na shikamoo nilimpa! Mwenyekiti Ngeleja akaamua wanakijiji wapige kula Jumamosi, wapite ofisini mmoja mmoja bila kukusanyika. Tangazo niandike mimi. Nani mwingine? Cheti cha kisomo ninacho.

Alhamisi, 9 Machi
Nimelibandika kwenye duka la ushirika: JUMAMOSI SAA NNE, WATU WOTE KULA OFISINI. Fupi, safi. Wanaosoma wanatabasamu. Hawajawahi kunipenda hivi! Mama mmoja kauliza kama watoto nao wamo. Nikasema hapana, watu wazima tu. Kanuna.

Jumamosi, 11 Machi
Fedheha! Kijiji kizima kimekuja na sahani. Wengine sufuria! Wakasongamana mlangoni, wakiuliza wali uko wapi. Febronia akapiga yowe. Ngeleja anasema niliandika kula wakati yeye alisema kula. Si ndiyo hiyo hiyo? Gozbert akapanda kiti, akawatawanya kwa upole, akawakumbusha kunawa mikono. Deodata akampungia sahani! Kula ikafutwa, kamati ikaamua uwanja haufungwi. Gozbert kapewa usimamizi wa maji. Mimi nachimba choo cha uwanja siku tano.

Jumapili, 12 Machi
Malengelenge mikono yote. Nikiwa shimoni nimesikia shangwe mara mbili. Gozbert kafunga, na sauti ya Deodata naijua. Roho inaniuma! Eti wiki ijayo Gozbert anakwenda kuposa kwa mzee Bartholomayo, baba yake Deodata. Nitamtangulia. Ng'ombe watano wa marehemu baba wapo. Barua tayari, na safari hii hakuna wa kunielewa vibaya: "Shikamoo mzee. Nampenda binti yako. Naomba nije tuzungumze mahali." Hilo neno la mwisho nimelipigia mstari mara mbili.