Koti Lililopita Kamati

Napenda kuutangazia umma kwamba Soko la Picha la Taifa, linalouza picha zilizo tayari kwa magazeti, makampuni na yeyote mwenye tangazo lisilo na sura, sasa linapokea picha zilizotengenezwa na akili mnemba. Hatua hii ni ya kihistoria. Mimi ni Mkaguzi Mkuu wa Uhalisia, na kama si unyenyekevu wangu ningesema hatua yenyewe ni mimi.

Zamani mtu alipiga picha, akaileta, ikanunuliwa. Utaratibu huo ulikuwa mwepesi mno na ulitunyima vikao. Siku hizi mashine inatoa picha ya chochote utakachoiandikia, kwa hiyo imebidi iundwe kamati ya kuhakikisha kwamba mambo yasiyotokea yanafanana na yanayotokea. Bwana Vidole anahesabu vidole, maana mashine ina ukarimu wa vidole. Mama Vivuli anaangalia kama kivuli kimelala upande unaostahili. Mimi nashughulikia Uwezekano: je, jambo hili linaweza kutokea katika dunia hii tunayoishi? Picha za mtu zikikataliwa mara tatu, anafungiwa lango maisha. Kanuni hiyo aliitunga Mkurugenzi wetu mwenyewe, kwa simu.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Fundi Picha, mama mwenye studio ya picha za pasipoti ng'ambo ya barabara. Simu za mkononi zilimmalizia wateja. Pazia lake la buluu linakusanya vumbi, na mwenye nyumba ameanza kumsalimia kwa sauti ya kumuaga. Akajifunza mashine. Sisi tukimkubali, studio inabaki. Tukimkataa, anafunga.

Alileta picha ya mwananchi akihudumiwa ofisini. Karani amekaa mezani, anatabasamu, anampokea bibi mmoja faili kwa mikono miwili.

"Vidole vimetimia," alisema Bwana Vidole.

"Kivuli safi," alisema Mama Vivuli.

Mimi nikavua miwani. "Dada, huyu karani anacheka nini?"

"Hacheki kitu, mkuu. Anamkaribisha mteja."

"Hilo umeliona wapi?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijaliona."

Tukaikataa.

Mara ya pili karani alikuwa amenuna sawasawa, na kwa hilo nilimpongeza. Lakini alikuwa mezani, saa ya ukutani ikionyesha saa nne asubuhi, na mbele yake hapakuwa na foleni. Nilimuuliza kama anatufanya watoto. Tukaikataa nayo, akatoka machozi yakimlengalenga. Sikufurahi, nina moyo, ingawa haumo katika majukumu yangu. Nikamfuata kwenye korido.

"Dada, acha kuiambia mashine unachokitamani. Iambie unachokiona."

"Mkuu, nikiandika ninachokiona hapa mtaniweka ndani."

"Wewe andika. Umebaki na nafasi moja, utapoteza nini?"

Akakaa kwenye benchi letu la wageni asubuhi nzima, akichungulia mlango wa Mkurugenzi ambao huwa wazi kidogo ili hewa ipite. Kesho yake alirudi na picha ya tatu. Meza pana. Koti la kahawia limetundikwa kwenye kiti. Chai imepoa hadi imefanya utando. Mlangoni kuna karatasi ya "Narudi sasa hivi" iliyokunjamana pembe kwa uzee, na kwenye benchi mteja amelala mdomo wazi.

Bwana Vidole hakuwa na cha kuhesabu ila vidole vya yule aliyelala. Mama Vivuli alisema kivuli cha koti kimemgusa. Mimi nilisimama nikapiga makofi, tukagonga muhuri: IMEKUBALIWA, HALI HALISI. Faili likapelekwa nyumbani kwa Mkurugenzi, naye akasaini bila kulifungua, kwa kuwa ana imani kubwa na wasaidizi wake.

Picha ilinunuliwa kwa fujo. Magazeti yaliiweka ukurasa wa mbele, na muhuri wetu na sahihi ya Mkurugenzi vikachapishwa chini yake, kama masharti ya soko yanavyotaka. Fundi Picha akalipa pango, akafua pazia. Nilimwonea fahari kama ndugu.

Kisha wizara ikaandika kuuliza kama ni kweli kiti kile cha Mkurugenzi ni kitupu. Mkurugenzi alikuja ofisini siku hiyo hiyo, akachelewa kidogo getini kwa sababu mlinzi alimwomba kitambulisho.

"Ifuteni!" alifoka. "Hiyo ni picha ya mashine!"

"Ni kweli, bosi. Lakini tumeshathibitisha kuwa ndiyo hali halisi. Haifutwi mpaka ije nyingine inayoonyesha kinyume, nayo ipite kamati."

Akaitwa Fundi Picha na kamera yake ya zamani. Bosi akavaa koti, akaketi, akashika kalamu, akakunja uso wa kazi. Ikapigwa picha ya kweli, akailaza mbele yetu.

"Vidole vimetimia," alisema Bwana Vidole.

"Kivuli hakina neno," alisema Mama Vivuli. "Ila huyu baba... Koti nalijua. Mwenye koti simfahamu vizuri."

Nikapima Uwezekano. Saa nne asubuhi. Kalamu imefunguliwa. Mtu mzima ameketi kwenye kiti kile anafanya kazi. Nilimwogopa bosi, nakiri, lakini nililiogopa taifa zaidi. IMEKATALIWA, KAZI YA MASHINE.

"Nilikaa pale pale! Fundi, waambie!"

"Nimeipiga mimi, mzee," alisema Fundi Picha kwa upole. "Lakini hata mimi nikiitazama, siiamini."

Nikamwomba bosi asubiri nje tukiandika sababu, kama waombaji wote wanavyosubiri. Mlango ulikuwa wazi kidogo, kwa hiyo tulisikia. Bibi mmoja alisogea kumpa nafasi kwenye benchi.

"Karibu, baba. Umekuja kumwona nani?"

"Mimi ndiye Mkurugenzi."

Bibi alimtazama kwa huruma. "Pole, baba. Hata mimi wiki ya kwanza nilichanganyikiwa hivyo hivyo." Akafungua mkoba, akakunjua gazeti mapajani mwake. "Mkurugenzi haji. Picha yenyewe hii hapa. Na chini amesaini mwenyewe kwamba ni kweli."