Rauta na Siri ya Mahari

Jumatano, 3 Desemba. Tuwan, Kitale.
Kuna msaliti nyumbani! Wakwe kutoka Bumula wanakuja Jumamosi kumtolea mahari binti yangu Nakhungu, na tayari wanajua nimepaka ukuta rangi mpya. Nani kawaambia? Nimemuuliza mke wangu, Phelista. Ati ukuta unaonekana kutoka barabarani. Jibu la haraka mno.

Nitadai ng'ombe wa gredi, wanaokamuliwa. Moyoni nitakubali hata wa kienyeji, bora harusi isivunjike. Siri hiyo ikifika Bumula, nimekwisha.

Alhamisi, 4 Desemba.
Nimeingia kwenye mipangilio ya rauta, kile kisanduku cha intaneti, niwafungie umbea. Mwenyewe! Nimeorodhesha vichochoro vyote vya umbea: WhatsApp, Facebook, TikTok. Chini kuna machaguo mawili: kuzuia programu zilizoorodheshwa, au kuruhusu zilizoorodheshwa peke yake. Nimechagua la pili. Hilo "peke yake" lina ukali wa kiaskari.

Ijumaa, 5 Desemba.
Ushindi! Magazeti yangu hayafunguki. Nakhungu analalamika barua pepe imekufa. Phelista tu ndiye anachekea simu yake. Anajifanya. "Baba Nakhungu, si uite fundi bana!" Fundi gani? Fundi wa karibu ni Kevin, bwana harusi mwenyewe! Hapana.

Kuhakikisha WhatsApp nayo imefungwa, nimefanya jaribio la kisayansi. Nimeandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha harusi, walimo wakwe wote: "Wakileta hata wa kienyeji nitachukua. Msiwaambie." Siri ndogo isingepima chochote. Nikatuma. Nikalala fofofo.

Jumamosi, 6 Desemba.
Wamekuja na ng'ombe wa kienyeji. Wote! Mmoja pembe imevunjika. Nikanguruma: gredi, au mrudi Bumula! Msemaji wao, mzee Wamalwa, akanitazama kwa huruma. "Mkwe, si tumeleta vile ulisema?" Sebule nzima kicheko, hata wazee wa upande wangu. Nikakubali. Ningefanyaje? Nakhungu alikuwa ameshapiga vigelegele.

Jumapili, 7 Desemba.
Phelista anasema siri niliituma mwenyewe. Amejuaje? Dada yangu Rosaline, aliye Bungoma, naye anajua. Kevin anajua. Leo kanisani mhubiri amenitazama akatabasamu. Kumbe msaliti si mmoja, ni ukoo mzima!

Nyumba hii mwaminifu ni rauta tu. Nimeipangusa vumbi.