Jiwe Lililopikwa Likabaki Lilelile

Kwa Mkuu wa Maabara ya Miamba

Ndugu Mkuu,

Natumaini u mzima, wewe na mashine zako. Mimi ni fundi wa kuchonga mawe ya kaunta za jikoni. Naandika kwa heshima zote, na bila ubishi, kwa kuwa ubishi nimeacha, kulalamikia ripoti yenu iliyotaka kuivunja ndoa yangu mara ya pili.

Mara ya kwanza niliivunja mwenyewe. Mke wangu alikuwa amechoka. Alisema ukimwambia mumewe kwamba mvua inanyesha, atatoka nje kuhakikisha, atarudi amelowa chepechepe, na bado atashikilia kuwa hayo ni manyunyu. Akahamia kwa kaka yake. Nikatuma ujumbe kwamba nimebadilika, na ili waamini, nikaenda kumwekea shemeji kaunta mpya ya jiwe jeusi linalong'aa. Nikasema ni graniti. Shemeji haniamini hata nikitaja jina langu. Alichukua kipande kilichobaki akakileta kwenu. Jumapili, tukiwa wote jikoni, akaiweka ripoti juu ya jiwe lenyewe na kuisoma kwa sauti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmesema si graniti, ni amfiboliti. Mafundi wote wa mtaa wetu wanaliita graniti nyeusi. Lakini hili nawasamehe.

2. Mmesema zamani lilikuwa basalti, yaani lava iliyoganda, kisha likazama chini sana ardhini, likapikwa na kukandamizwa hadi madini yake yakageuka kuwa mengine. Hapo nilifurahi. Nikamtazama mke wangu, nikamwambia, "Unaona? Vitu hubadilika!" Mngeishia hapo, leo tungekuwa marafiki.

3. Hamkuishia hapo. Aya iliyofuata mkaandika kwamba pamoja na joto lote hilo, kemikali zake ni karibu zilezile za basalti: silika kama nusu, chuma kwa wingi, magnesi na kalsi kama mwanzo. Kilichoongezeka ni maji kidogo. Mke wangu akatua kikombe. "Hebu rudia hapo, kaka." Kaka akarudia, polepole, kwa raha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. "Basi ndiye huyu," akasema mke wangu. "Sura mpya, ndani yuleyule. Kaongeza maji tu." Tangu siku hiyo watoto wa shemeji wananiita Anko Basalti.

4. Haiwezekani jiwe lizikwe, lichemshwe, libanwe na mlima mzima, halafu mtu mwenye koti jeupe aseme hakuna cha maana kilichobadilika. Mimi nimejipikia, nimejifulia, nimelala nikiutazama mto usio na kichwa. Silika yangu lazima imepungua.

5. Kwa hiyo naomba mpime upya, na safari hii majibu yawe tofauti. Silika ikigoma, nipimeni mimi. Nitakuja asubuhi kabla sijala. Nasikia sampuli husagwa unga kwanza. Hilo tunaweza kulizungumza.

6. Mkikataa, nitawaandikia kurasa kadhaa kueleza kwa nini kalsi yenu si kalsi. Muda ninao. Nyumbani hakuna wa kunijibu.

Nisalimie wapimaji wako wote, mlinzi wa getini aliyempokea shemeji na kipande chake, na hata mashine yenyewe. Sina kinyongo nayo.

Wako asiyebishana,
Fundi wa Kaunta

Nyongeza: Barua hii nilimpelekea mke wangu anirekebishie tahajia, kazi aliyonifanyia miaka yote. Aliisoma mpaka mwisho, akasema ni ubishi mtupu. Nikamweleza kuwa si ubishi, ni ufafanuzi. Akasema ubishi. Nikasema ufafanuzi. Tukaendelea hivyo mpaka chai ikapoa na shemeji akatukimbia. Ghafla mke wangu akaangua kicheko. Akasema katika nyumba ile kila analolisema anajibiwa "sawa, dada", na amechoka kuishi kama anayeongea na ukuta. Sasa naandika haya nikiwa nimelikalia sanduku lake la nguo ili lifungike. Ndugu Mkuu, nakusihi, ripoti ibaki ilivyo. Msiguse namba hata moja.