Hotuba ya Kuzindua Maabara ya Ramani ya Vijidudu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Makamu wake. Mheshimiwa Kaimu wa huyo Makamu, uliyekalia kiti chake kwa kuwa mwenyewe amechelewa. Bwana Mganga Mkuu wa hospitali hii pamoja na madaktari wako mnaokonda kwa kazi. Shemeji zangu wa safu ya mbele, mliokuja bila kualikwa kama ilivyo ada yenu (kicheko safu ya pili). Bwana wa vipaza sauti. Ndugu wagonjwa mlioweza kutembea, nanyi mnaotuchungulia kutoka wodini: itifaki ni ndefu na jua ni kali, kwa hiyo naomba ijizingatie yenyewe.

(Makofi.)

Nasimama mbele yenu nikiwa mtu niliyejijenga kwa mikono yangu. Sikubebwa. Nilianza kwa kuchuuza ndoo za plastiki, na leo ndimi Mratibu Mkuu wa Uratibu, lakini wapo mahasidi, na wengine nawaona hapa wamevaa makoti meupe, wanaouliza eti muuza ndoo anajua nini kuhusu bakteria. Nawajibu: ndoo zangu zilikuwa na bakteria wengi kuliko chuo chenu! (Makofi mazito. Mganga Mkuu anaangalia viatu vyake.)

Ndugu zangu, tatizo ni hili. Wodi ya vidonda imejaa watu ambao dawa haziwashiki. Wataalamu wamenifafanulia kwamba kijidudu kikishajua kuishinda dawa hakingoji kuzaa. Kinamnyoshea jirani mrija mwembamba, kinapitisha humo vinasaba vyake, na jirani naye anakuwa sugu. Jirani! Sisi tunapelekana mahakamani kwa shamba la baba mmoja, wao wanarithishana na jirani bila wakili. (Kicheko.) Vinasaba hivyo hupita kwa foleni, kimoja nyuma ya kingine, kama shanga kwenye uzi. Mtaalamu akivitenganisha vijidudu mapema, kwa kuvitikisa ndani ya blenda, anakuta cha mbele kimeshavuka na cha nyuma kimekatiwa njia. Akichelewa kidogo, anakuta na cha nyuma kimevuka. Ndivyo anavyojua kipi kinafuata kipi, na mpangilio huo ndio ramani. Ukiwa nayo unajua usugu umekaa wapi na unasafiri na nani, na daktari anaacha kubahatisha.

(Mama mmoja, kutoka nyuma: "Mheshimiwa, mwanangu yuko kitanda cha dirishani, mguu unaoza, na hii ni dawa ya tatu. Nimepewa kikopo cha usaha nilete maabara. Nikipeleke wapi?")

Swali zuri sana, mama yangu, nimelipokea, nimeliweka kwenye fesi ya pili, yaani awamu ijayo ya mradi. Shika kikopo chako vizuri.

Sasa mafanikio, kwa takwimu, maana mimi na namba tumekula chumvi pamoja. Kijiko kimoja cha bakteria kina wakazi mabilioni, na katika kikao cha maoni ya stekiholda, yaani wadau, hakuna hata mmoja wao aliyepinga mradi: ridhaa ya asilimia mia moja! (Vigelegele.) Pili, nilifanya ukaguzi wa kushtukiza kwenye stoo ya mashuka, ambako mtaalamu wetu alikuwa amejibanza kwa muda, nikamkuta ameweka katika chupa moja vijidudu anavyoviita dume na jike, usiku na mchana, ndani ya jengo la umma. ("Lo!") Nikamuuliza, mwanangu, hivi vimeoana? Akasema, "Mzee, visipokutana hakuna kinachopita, na ramani hakuna." Nikamwambia serikali haifadhili uhuni. Siku hiyohiyo nikatoa waraka: dume friji ya kushoto, jike friji ya kulia, na kuonana ni kwa kibali changu. Tangu hapo upitishaji wa vinasaba katika stoo ile umeshuka hadi sifuri! Niambieni, wasomi, nani mwingine amefika hapo? (Makofi. Mtaalamu anatoka nje.) Tatu, blenda haikukaa bure; ndiyo iliyotengeneza juisi mliyokunywa asubuhi, na ilioshwa. (Shemeji mmoja anaweka glasi chini.)

("Mheshimiwa," mama yule, sasa yuko karibu na jukwaa, "daktari amesema wakibahatisha tena wakakosea, wataukata mguu.")

Mama, hata mimi sipendi kungoja. Tazama nyuma yangu: orofa mbili, milango ya vioo, na lile dirisha la kijani la kupokelea vipimo. Sogea, mama. Mpisheni.

Nami nahitimisha. Nikisema vinasaba, semeni foleni! Vinasaba! ("Foleni!") Dume! ("Kushoto!") Jike! ("Kulia!") Ramani! (Kimya, hili hawakufundishwa.)

Nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee namshukuru fundi wa mabango, aliyelichora jengo hili kwenye turubai kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba hata Mwenyekiti amegonga paji la uso akitafuta choo, pamoja na walinzi wawili wanaolishikilia kwa nyuma upepo usije ukatuharibia uzinduzi. Jengo lenyewe litafuata, likipatiwa kiwanja. Asanteni sana, na... mama! Mama, nakuomba, kikopo hicho usikiegemeze hapo dirishani. Rangi haijakauka.