Nyufa za Mirihi Zilizokataa Kutokea

Jumatatu, 9 Julai 1984. Bunda.
Hatimaye! Mkuu wa shule kakubali niende Musoma Ijumaa, kwenye maonyesho ya sayansi. Mshindi atapelekwa Dodoma. Mwalimu Stanislausi wa kemia naye anakwenda, na sabuni ya majivu. Sabuni! Eti kwa sababu madukani haipo. Mimi wa jiografia napeleka sayari nzima.

Maelezo yangu nimeyakariri. Jiwe kubwa liliangukia Mirihi, likachimba bonde la duara. Lava ikajaa humo. Uzito ukadidimiza katikati, ukingo ukavutwa, ardhi ikapasuka kulizunguka bonde. Hata mtoto wa chekechea ataelewa.

Jumanne, 10 Julai.
Nimejaza pumba laini kwenye sanduku. Juu yake nimekandika udongo wa mfinyanzi, katikati nimeacha bonde. Kokoto ndizo zitakuwa lava. Nikaanika juani. Jioni, nyufa kila mahali! Na kokoto sijatia hata moja! Stanislausi akapita, akauliza huo mguu wenye magaga ni wa nani. Nikamgeuzia mgongo. Akarudi kuuliza kama ni wa kushoto. Mtu mzima huyo, ana watoto wanne.

Jumatano, 11 Julai.
Dawa nimeipata. Sakafu zetu zote zinasiribwa kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, na hazipasuki. Nikaenda mwenyewe zizini kwa Mzee Masatu na ndoo. Mke wangu Ghati ndiye kasiriba, maana mkono wake unasifiwa mpaka Nyamuswa. Kisha akalalamika atanawa na nini, sabuni tuliionaga mwezi uliopita. Nikamwambia avumilie, tunakwenda Dodoma.

Ijumaa, 13 Julai. Musoma.
Aibu! Nilimwaga kokoto mbele ya mgeni rasmi. Hakuna ufa. Nikaongeza. Hakuna! Nikapanda mwenyewe juu ya lava, na viatu vyangu. Sayari ikanesa kama godoro, ikabaki nzima. Watu walicheka mpaka mwalimu mmoja wa Suguti akaomba kiti.

Mgeni rasmi akainama, akapapasa ukingo wa bonde kwa kiganja. "Mwalimu, aliyesiriba hapa anajua kazi," akasema. "Kwangu sakafu inapasukaga kila wiki."

Wakanipa zawadi ya kwanza. Ya maarifa ya nyumbani! Miaka kumi na moja nafundisha miamba! Zawadi yenyewe ni mche wa sabuni ya Stanislausi, ambaye ndiye anakwenda Dodoma. Alinikabidhi kwa mikono yake miwili, kwa heshima zote, akasema mikono yangu bado inanuka.

Jumamosi, 14 Julai. Bunda.
Nimenawa. Inatoa povu sana, na hilo limeniudhi zaidi. Ghati kaificha iliyobaki, kasema zawadi ni yake.

Ghati anasema mavi ndiyo yaliyozuia nyufa, lakini kosa nimelijua mimi. Mavi yalikuwa machache! Tena ya ng'ombe wa mjini, wanaokula makaratasi sokoni. Jumatatu naenda Butiama na ndoo mbili. Mwakani Mirihi itapasuka, Stanislausi atake asitake.