Pua Yangu na Kiti cha Mnusaji

Jumatatu, 3 Machi

Pua imeungua. Yangu mimi, mnusaji mkuu wa kiwanda cha sabuni! Hakuna pipa linalomiminwa kabla sijalinusa. Juzi nilitaka kumwonyesha Shemeji, mdogo wake mke wangu, jinsi mtaalamu anavyoinamia pipa. Nikainamia la magadi yanayochemka. Mvuke wote ukaingia ndani.

Daktari kasema nyama laini ya puani imeungua. Kanipa matone ya vitamini E. Ni antioksidanti, kasema: jeraha linapopona hutoa sumu zinazokula nyama changa, na dawa hii huzizuia. Tone asubuhi, tone jioni, mikono mbali. Nikauliza, nikizidisha je? Kasema nyama haina haraka.

Haina haraka! Bosi ametangaza jaribio Ijumaa. Atakayezitambua harufu ndiye atakayekalia kiti changu. Kwa sasa anakikalia Shemeji. Na kazi hiyo nilimwombea mimi, kwa mdomo wangu huu!

Jumanne, 4 Machi

Nimemimina chupa nzima. Imeteremka yote kooni.

Mke wangu katoka kuoga, kapita karibu yangu. Sikunusa kitu. Hewa tupu. Nimelia, na machozi yakaingia kwenye jeraha. Maisha gani haya?

Jumatano, 5 Machi

Nimefuata chupa nyingine. Muuza dawa kaniambia hata ndimu zina antioksidanti tele, nile. Nile? Zizunguke tumboni wee, na pua iko hapa juu? Nimejikamulia humo humo puani.

Mama yangu! Majirani wamekuja na fimbo wakidhani tumevamiwa. Mke wangu kawaambia hakuna mwizi, ni mume wake tu.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari kasema kigaga kimebanduka, tunaanza upya. Kauliza nimetia nini. Nimesema vumbi.

Basi, akili itafanya kazi ya pua. Nimepita kiwandani. Sabuni za jaribio ziko rafuni, vipande vitatu, kila kimoja na karatasi yenye jina lake. Kimoja ni cha mafuta yaliyochacha. Kesho karatasi zitabanduliwa. Nimekikwaruza pembeni kwa kucha. Nani mjanja sasa?

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kavichonga vipande vyote pembe, eti vipendeze mbele ya bosi. Mkwaruzo wangu umekwenda na maji!

Nikabaki nanusa hewa. Kila nikishika kipande cha kati, Shemeji anakohoa. Ananicheka, huyu! Mbele ya watu! Nikaamua kumkomesha. Nikakiinua kile kile cha kati, nikatangaza kwa sauti kwamba hiki ni waridi tupu.

Bosi akakinusa. Akakisukuma mbali. Ndicho kilichochacha.

Kiti kimekwenda. Napelekwa kufunga maboksi. Shemeji kanifuata hadi mlangoni, macho yamemwiva. Kasema alikuwa ananipa ishara. Kasema kakohoa mpaka koo limemuuma. Tena kambembeleza bosi, na bosi kakubali nijaribiwe upya mwisho wa mwezi, nikiwa nimepona. Nimeona aibu mpaka miguuni.

Jumapili, 23 Machi

Tangu siku ile mke wangu ananitia matone mwenyewe. Tone asubuhi, tone jioni, na mikono yangu anaishika kama ya mtoto. Ndimu kazificha.

Leo asubuhi kaniinamia na kichupa chake. Nikanusa! Kwa mbali, lakini nimenusa: sabuni, shingoni mwake. Sabuni yetu, ya waridi! Nimelia. Naye kalia. Kasema nivumilie siku hizi chache tu mpaka jaribio, pua isiguswe, na kiti kitarudi. Kaenda kumpa Shemeji habari njema.

Nimekaa peke yangu nikawaza. Yaani tone moja moja vile ndiyo yaniponye? Haiingii akilini. Ni ile ndimu. Ilichelewa tu kufanya kazi. Na kama ndimu moja imenifikisha hapa...

Zilikuwa nyuma ya ndoo ya unga. Nimeshazikata.