Ofisi ya Mababu Waliothibitishwa

Inatangazwa kwa watu wote wa parokia ya Saint-Ludger-des-Brûlis, walio hai na waliotangulia, kwamba Ofisi ya Mababu Waliothibitishwa imekamilisha uhakiki wake. Safu ya mbele ya makaburi, iliyopakana na ukuta wa kanisa, itabaki kwa koo za waasisi pekee. Marehemu wengine watahamishiwa nyuma, karibu na uwanja wa mpira wa magongo, mara barafu itakapoyeyuka. Wanaombwa kutoa ushirikiano.

Mkurugenzi Anselme Jolicoeur alilisoma tangazo hilo mara tatu mbele ya kioo, na mara zote tatu lilimtoa machozi. Alikuwa na sababu. Katika orodha ya waasisi wa mwaka 1687 mlikuwa na majina kumi na moja, na mojawapo lilikuwa Jolicoeur. Tangu siku alipoligundua alibadilisha hata namna ya kukohoa.

Asubuhi hiyo ofisi ilifurika watu na vyeti vya ubatizo. Wa kwanza mezani alikuwa Bi Delphine Paquin, mjane wa miaka themanini. Mumewe, Ovila, alilala safu ya mbele, na jina la Bi Delphine mwenyewe lilikwisha kuchongwa kwenye jiwe hilo hilo, kama ilivyo desturi: mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha nafasi wazi inayosubiri.

"Orodha haina Paquin," alisema Mkurugenzi. "Kwa mujibu wa taratibu, marehemu anatakiwa kuhama."

"Anselme, huyo mtu alinikatalia kuhama kiti akiwa hai, sembuse leo!"

"Hapa naitwa Mkurugenzi."

"Hapa sawa. Kwangu, ulipokaa utotoni mama yako akiwa hospitalini, uliitwa kikojozi."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bi Delphine hakucheka. Aliogopa kweli.

"Nimelala na Ovila miaka hamsini na miwili," alisema. "Sijui kulala peke yangu, na sina mpango wa kujifunza."

Akatoa karatasi kuukuu kwenye mkoba. Mkurugenzi hagusi waraka usio na mhuri, hivyo katibu wake, Bi Fernande, ndiye aliyeusoma kwa sauti. Ulikuwa mkataba wa mwaka 1722, ndugu wawili wakigawana shamba la marehemu baba yao, Mathurin Paquin, askari wa Mfalme aliyefika 1687, ambaye kapteni wake alimpa lakabu ya Jolicoeur, kama walivyopewa askari wote. Mwana mkubwa alibaki na jina la baba. Mdogo aliondoka na lakabu, na ng'ombe mmoja.

"Kwa hiyo mwasisi ni Paquin," alisema Bi Fernande.

"Na Jolicoeur!" alidakia Mkurugenzi.

"Hapana, mkuu. Kifungu cha nne, ulichokiandika mwenyewe: lakabu haihesabiwi kuwa jina."

Bi Fernande ni mtumishi mwadilifu. Alisahihisha orodha, akajaza hati ya kumhamisha marehemu Jolicoeur, baba wa Mkurugenzi, akamsogezea kalamu. Mkurugenzi alitia sahihi. Katika utumishi wake wote hajawahi kuinyima fomu sahihi. Alipotambua alichofanya, rangi ilimpotea usoni.

"Hakuna rufaa?" alinong'ona.

"Uliifuta wewe. Kipo kifungu cha tisa tu: tawi lililopoteza jina laweza kubaki, mkubwa wa ukoo akiridhia."

Macho yote yakamgeukia Bi Delphine, mkubwa wa akina Paquin waliobaki. Akavuta kiti, akaketi, akafurahi waziwazi.

"Naridhia. Ila fungua kwanza dirisha hilo linalotazama makaburini, ukajitambulishe kwa kaka yako. Jina lako lote."

Mkurugenzi alivua kofia, akafungua dirisha. Akasema kwa sauti ya mtu anayeungama:

"Anselme Paquin, lakabu Jolicoeur."

"Sauti, shemeji," alisema Bi Delphine. "Ovila hasikii vizuri sikio la kushoto."